Kola ilibaki kwenye pakiti: siku niliyoshika kichwa cha Nakiru kutoka laga hadi Kakuma

Wakuu, ejok.

Kwa wasio wa huku, hiyo ndiyo salamu yetu Turkana. Ukiitikiwa ejok na wewe, ujue mmeanza vizuri.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu inbox yangu imejaa swali moja: "Mkuu, uliingiaje kwenye kazi ya ambulensi na uokoaji huko mbali, na sisi tuingieje?"

Nilianza kuandika jibu la kitaalamu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Ndivyo nilivyo, mtaniona tu.

Mwishowe nimeamua nisimulie siku moja peke yake, kama ilivyokuwa, bila kuipaka rangi. Majina nimebadilisha. Mengine yote acha yabaki yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Nianze na mimi mwenyewe.

Nimezaliwa na kukulia Lodwar. Ada ya chuo kikuu ilitushinda nyumbani mapema kabisa, kwa hiyo baada ya kidato cha nne nilijitolea kwenye dispensari. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizani ya watoto tukienda kliniki za nje: Lokori, Kaaleng, popote gari lilipoweza kufika. Nilibeba mizani huku macho yangu yako kwenye mikono ya manesi.

Mengine nilijifundisha kwenye simu.

Nilidownload miongozo ya huduma za dharura nikaisoma kama Biblia. Nilitazama video za watu wakiokolewa kwenye milima yenye barafu, mimi nimelowa jasho Lodwar, nasimamisha, narudisha nyuma, natazama tena.

Mgonjwa wangu alikuwa dada yangu. Akiniona tu na bandeji anauliza, "Haya, leo nimevunjika nini?" Nilimtengenezea kola ya shingo kwa kadibodi, nikawa namfunga na kumfungua mpaka akaizoea. Kuna siku alisonga ugali akiwa nayo.

Vijana wa mtaani wakaniita Daktari Bando. Kila wakiniona: "Daktari, bado una MB za kutibu mtu?"

Baadaye nilipata nafasi ya kozi fupi ya huduma ya dharura, nikapata cheti, na shirika moja likanichukua kwenye ambulensi yake Kakuma. Sitalitaja. Msinilazimishe.

Sasa kuna jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwenye interview.

Mikono yangu inatetemeka.

Si ugonjwa, nilishapimwa. Ni wasiwasi tu. Nikiwa peke yangu naweza kutunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza. Nikitazamwa, hata kikombe cha chai kinanisema.

Dawa niliyojitungia ilikuwa hii: nifuate hatua. Kama nimefuata kila hatua kwa mpangilio wake, mikono ikitetemeka itetemeke, hakuna kitakachoharibika. Protocol ilikuwa fimbo yangu ya kutembelea. Nilikagua begi la kazi asubuhi, nikalikagua tena kabla ya gari kuondoka, halafu nikalifungua njiani kuhakikisha nilichokagua bado kipo.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu.

Wa kwanza ni Mama Esperance, nesi Mkongomani, mkimbizi anayeishi Kalobeyei. Ameifanya kazi hii tangu mimi niko shule ya msingi. Anaita kila mtu mutoto, hata dereva wetu mwenye wajukuu.

Dereva huyo ni Wafula, mtu wa Kitale. Alikuja Turkana "kwa mwaka mmoja tu" na hajarudi tangu hapo.

Wa tatu ni mimi na begi langu.

Siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua la Kakuma mnalijua. Tukapigiwa simu kwamba kisima kimemfunika mama mmoja kwenye laga, upande wa Nakalale. Laga ni mto wetu wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima. Watu huchimba shimo katikati yake hadi wakutane na maji, na kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo shimo linavyoingia chini, mpaka anayechota anasimama ndani ukimtazama huoni kichwa. Kuta zake ni mchanga. Siku ukuta ukichoka, unaanguka.

Njiani Wafula alikuwa anatazama milima kuliko barabara.

"Kule juu kumejaa mawingu," akasema.

Mvua ikinyesha milimani, kwenye laga jua linaendelea kuwaka kama kawaida, halafu maji yanatokea yote kwa pamoja. Kila mtu wa huku analijua hilo.

Tulipofika tulikuta watu wameshamfukua. Mwanamke wa umri wa kati, anaitwa Nakiru, amelazwa chali juu ya mchanga karibu na shimo. Kando yake amechuchumaa wifi yake Asekon, dada wa mumewe, bado ana mchanga mpaka kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyefukua zaidi, kwa karai na kwa kucha.

Nakiru alikuwa anapumua vizuri na anaongea. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nikampima kama nilivyojifundisha. Miguu anaisogeza. Mikono anaisogeza, lakini akaniambia kwa Kiturkana kwamba vidole vinamchoma kama vimekanyaga siafu. Na shingo inauma katikati, nyuma.

Wakuu, kwa wasio wa fani: maumivu katikati ya shingo na vidole vya siafu ni maneno mabaya. Huenda mfupa wa shingo umevunjika. Ukikaa mahali pake, mtu atapona. Ukiteleza kidogo wakati wa kumbeba, mikono na miguu inaweza kuondoka hapo hapo, na kupumua pia.

Kwa hiyo shingo isisogee. Hatua inayofuata, kwa jinsi nilivyofundishwa: kola.

Nikatoa pakiti ya kola kwenye begi. Nikainama nimvalishe.

Hapakuwa na shingo.

Namaanisha, shingo ilikuwapo, lakini kuanzia mabegani hadi chini ya kidevu ilikuwa shanga. Nyekundu, bluu, njano, nyuzi juu ya nyuzi, zimeshikana kwa mafuta na udongo mwekundu wa miaka. Kola haikuwa na pa kukaa.

Na hapa ndipo nilipojishangaa. Mimi ni Mturkana. Bibi yangu mzaa baba alivaa shanga hizo hizo. Nimelala kifuani pake nikiwa mtoto, zikanichora mistari shavuni. Lakini miaka yote niliyojifunza kuokoa watu, shingo iliyokuwa kichwani mwangu ni ile ya kwenye video. Shingo tupu. Ya dada yangu pia ilikuwa tupu, ana shule na nywele za saluni.

Nilitoa mkasi.

Asekon akanidaka mkono. Si kwa upole.

"Hapana kata," akasema kwa Kiswahili, akimtazama Mama Esperance kwa sababu ndiye mkubwa. "Mama, ambia kijana yako hapana kata. Bwana yake iko. Iko na ngombe huko mpaka ya Uganda. Iko mzima."

Nakiru naye, bila kusogeza kichwa, akaniambia kwa lugha yetu, polepole:

"Mwanangu, mume wangu yu hai. Usimuue."

Nieleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatoi shanga zake hivi hivi. Bibi yangu alizitoa siku tulipomzika babu. Nakumbuka shingo yake ilivyokuwa nyembamba na nyeupe kiasi, kama ya mtu mwingine. Nililia kwa ajili ya shingo ile kuliko nilivyomlilia babu.

Nakiru akifika Kakuma bila shanga, kila mtu atakayemwona atadhani mumewe amekufa. Habari hiyo itatangulia kumfikia mumewe huko malishoni. Na yeye mwenyewe alikuwa tayari ameamua. Akamwambia Asekon, nikisikia: "Wakizikata, unirudishe nyumbani juu ya ngozi ya kulalia. Gari siendi."

Mama Esperance akapiga magoti kando yangu.

"Mutoto, kata. Shanga batatunga ingine. Shingo haiuzwake ku soko."

"Mama, akikatiwa hapandi gari."

"Atapanda. Maumivu itamupandisha."

"Hatapanda. Namjua."

"Unamujua wapi? Umemukuta sasa hivi!"

Nilitaka kusema namjua bibi yangu.

Nilitazama mafundo ya nyuzi. Pengine yangefunguka moja moja, lakini yalikuwa yamekauka kama mawe na ingechukua mchana mzima. Wafula alikuwa amesimama juu ya ukingo, injini inanguruma, anatazama upande wa milima.

"Watu wangu," akaita, "mimi nasikia kitu. Sijui ni upepo. Lakini nasikia kitu."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na mkono ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba mkasi wenyewe ulikuwa unalia, chuma kwa chuma. Watu wote kwenye ile laga walikuwa wananitazama. Kila kitu nilichowahi kukiogopa maishani kilikuwa pale, kimekusanyika.

Nikajiuliza swali la kijinga. Kola ni ya nini?

Si ya kuvaliwa. Ni ya kuzuia kichwa kisisogee.

Basi kizuieni kichwa kisisogee.

Nikarudisha mkasi kwenye begi. Nikazunguka nyuma ya Nakiru, nikalala kifudifudi mchangani, viwiko chini, nikaweka viganja pande mbili za kichwa chake, vidole vikishika taya juu kidogo ya shanga. Kwenye miongozo hiyo ni hatua ya kwanza kabisa, ya kushikilia tu wakati mwenzako anaandaa kola. Sikuwahi kuona mtu akisafiri nayo.

"Nitamshika hivi mpaka Kakuma," nikamwambia Mama Esperance.

Alinitazama. Akatazama mikono yangu. Nilijua ameona.

"Njia yote?"

"Njia yote."

Akavuta pumzi, akageuka, akaanza kupiga amri kama sajini. Blanketi zikaviringishwa, moja kila upande wa kichwa. Ubao wa kubebea mgonjwa ukaletwa. Nilihesabu kwa sauti, tukamgeuza pamoja kama gogo, kichwa kikifuata kifua, ubao ukaingia. Asekon na wanaume wawili waliokuwa wamekuja kunywesha mbuzi wakabeba. Mimi nilitembea kinyumenyume, nimeinama, sijaachia.

Tulipofika juu ya ukingo maji yalikuwa yamefika. Hayakuja kwa kishindo kama nilivyotarajia. Yalikuja na povu la kahawia na vijiti mbele, kama mtu anayesukuma takataka kwa ufagio. Yakalikuta lile shimo, yakaingia, yakajaa, yakaendelea.

Sasa barabara.

Anayeijua barabara hiyo atanielewa. Wafula aliendesha kama amebeba mayai, na kila kitu alikitangaza kabla hatujakifikia.

"Jiwe!"

Nakaza viganja.

"Shimo! Lingine! Hili ni la ukweli!"

Nakaza.

Nakiru akauliza kwa Kiturkana, "Huyo mzee anapiga kelele za nini?"

Nikamwambia anatuonya kuhusu mashimo.

"Mwambie badala ya kuyataja ayapite pembeni."

Nilipomtafsiria Wafula, alicheka mpaka gari likayumba, na Mama Esperance akamkemea kwa Kifaransa.

Magoti yangu yalikuwa kwenye chuma cha sakafu. Mikono ilianza kufa ganzi kuanzia viwiko. Na ilitetemeka, wakuu, haikuacha hata kidogo. Nilikuwa naona nywele za Nakiru zikitikisika kwa mtetemo wangu, na nikawaza: je, huku kutetemeka kwenyewe ndiko kutakakoteleza mfupa? Nikamuuliza kila mara, vidole vikoje? Siafu, anajibu. Siafu tu. Mwishowe akachoka na mimi.

"Siafu wapo. Wakiondoka nitakuita."

Mama Esperance akasema, "Simamisha gari. Mutoto, niachie nikushikie kidogo."

Nikakataa. Nilisema niko sawa.

"Hauko sawa. Umekuwa rangi ya majivu. Nipe."

Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kitu kikubwa kuliko kola. Nilitaka kumaliza peke yangu ili iwe safi, iwe kamili, iwe yangu. Lakini kichwa kilikuwa cha Nakiru. Gari likasimama. Mama Esperance akaweka mikono yake juu ya yangu, nikatoa yangu polepole chini yake, kichwa hakikusogea hata unywele. Nikakaa kando nikikunja na kukunjua vidole kama mtoto mchanga. Baada ya mwendo fulani tukabadilishana tena. Hivyo hivyo mpaka Kakuma.

Hospitalini fundi wa eksirei akasema lazima shanga zitoke, picha haitaonyesha kitu. Alisema kwa adabu, ni kijana wa huku huku. Nakiru akafunga macho, akafunga na mdomo.

Nikafikiri, basi, tumefika mwisho wa njia ile ile.

Asekon akasimama, mchanga bado kwenye nyusi.

"Lete kwangu," akasema.

Akachutama nyuma ya kitanda, mimi nimeshika kichwa, akaanza kulegeza mafundo kwa mafuta ya hospitali, uzi mmoja baada ya mwingine. Kila uzi uliotoka hakuuweka chini. Aliufunga shingoni mwake mwenyewe, juu ya shanga zake. Na kila mara alisema kwa Kiturkana, kwa sauti, wasikie wote waliokuwa kwenye korido: "Mke wa kaka yangu ni mgonjwa. Kaka yangu yuko mzima. Mimi ni dada yake, mimi nimebeba."

Hiyo si desturi, msije mkaandika kwenye vitabu. Sijawahi kuiona mahali pengine. Aliitunga pale pale. Lakini nani angembishia dada wa mtu kuhusu uhai wa kaka yake?

Nakiru alifungua macho.

Picha ilionyesha mfupa mmoja wa shingo una ufa. Haukuwa umeteleza. Akavalishwa kola, nyingine ya hospitali, akapelekwa Lodwar.

Yangu ilibaki kwenye begi, pakiti haijafunguliwa.

Jioni Mama Esperance alinipa chai na mandazi nje ya ofisi. Nilimuuliza kama bado anaona ningekata.

"Mimi ningekata," akasema. "Na pengine ningebaki na shanga mukononi, mugonjwa amerudi ku nyumba. Sijui, mutoto. Kama angekuwa hapumue, je?"

"Ningekata zote."

"Basi tuko pamoja."

Nami wakuu sitawadanganya. Sijui kama ilikuwa mikono yetu, au bahati, au ufa wenyewe ulikuwa wa upole. Kuna mtu atakuja hapa chini kusema shanga ndizo zilikuwa kola. Hapana. Shanga hazikushika kitu. Kama mfupa ule ungeteleza pale kwenye "shimo la ukweli", leo huu uzi ungekuwa mwingine, na mngeniuliza kwa nini sikukata. Nalibeba hilo. Bado nalitazama usingizi ukikataa.

Nilipopata off nilishuka Lodwar, nikapita wodini.

Nakiru alikuwa ameketi, kola ya plastiki imemfika kidevuni. Asekon kando yake ana shanga za watu wawili, zimempanda mpaka masikioni. Nilipowaita, hakuna aliyeweza kugeuza shingo. Wakageuka mwili mzima, wote wawili kwa pamoja, kama milango.

Nilicheka hadi nesi akanitolea macho.

"Cheka," akasema Asekon. "Wewe ulibeba siku moja. Mimi nalala na hizi."

Siafu wameondoka vidoleni, Nakiru akaniambia, isipokuwa wawili watatu wakaidi.

Kwenye mwisho wa kitanda alikaa mwanamume mrefu, kimya, viatu vya matairi, vumbi la mbali miguuni. Mzima kabisa.

Nilimsalimu kwa mkono. Kwa kuwa walikuwa wananitazama wote watatu, mkono ukaanza.

Akautazama ule mkono ndani ya wake. Akamgeukia mkewe.

"Ni huyu? Mbona anatetemeka?"

"Huyo huyo," Nakiru akasema. "Alitetemeka njia nzima. Hakuniachia."

Wakuu, hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza wataingiaje.

Someni miongozo, ifanyieni mazoezi kwa dada zenu mpaka wawachoke. Mimi bado nakagua begi njiani, sitaacha. Lakini jueni kila hatua imewekwa kwa ajili ya nini, maana siku moja hatua yenyewe haitaingia shingoni. Na mkichoka, mwachieni mwenzenu naye ashike.

Nilisubiri miaka mikono itulie ndipo niombe kazi kubwa zaidi. Wiki hii nimetuma maombi ya kozi ya juu ya uokoaji nikiwa natetemeka, nikabonyeza herufi zisizo zangu mara kadhaa.

Sasa nanyamaza, semeni nyinyi. Walio kwenye fani, mngekata au mngeshika? Nirekebisheni, siogopi. Naogopa, lakini nirekebisheni.

Na wewe unayesoma kimya kama nilivyokuwa, unayesubiri utulie kwanza ndipo uanze: hebu sema hapa chini, wewe unatetemeka nini?